Zambarau: Ua la Usambara, Stola ya Kwaresima na Kurasa za Intaneti



Mtu anayetengeneza tovuti siku hizi hakosi kukutana na orodha ya rangi na maana zake. Ataambiwa kwamba nyekundu ni hatari na mapenzi, bluu ni uaminifu, kijani ni uhai. Akifika kwenye zambarau ataambiwa kuwa hiyo ni rangi ya ufalme, anasa, hekima na mambo ya rohoni. Orodha hiyo imenakiliwa mara nyingi mno hata ikaanza kuonekana kama sheria ya maumbile.

Sisi waseminari tunaosoma falsafa hapa milimani Usambara tumeona vema kuichunguza orodha hiyo, kwa kuwa kuna pendekezo mbele yetu: kwamba kurasa za gazeti letu ziwe na rangi ya zambarau mwaka mzima. Wanaolitetea wana hoja mbili. Kwanza, zambarau ni rangi ya Kanisa. Pili, ni rangi ya ua maarufu lililotoka katika milima hii na kuenea dunia nzima.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo. Lakini wasomaji wetu wengi hufungua kurasa hizi kwa simu ndogo, juani, wakiwa sokoni au kituoni wakisubiri gari la Mombo. Humo hutafuta tafakari ya Dominika, ratiba za Misa za vigango na matangazo ya mazishi. Rangi isipochaguliwa kwa busara, kuna mama atakayeshindwa kusoma saa ya Misa ya mazishi, na kuna msomaji atakayedhani tumechukua upande ambao hatukuuchukua. Kwa hiyo swali letu ni hili: je, zambarau ina maana yenyewe, au maana hiyo tunaipa sisi?

1. Alama za asili na alama za kupewa

Mtakatifu Augustino, katika kazi yake juu ya Mafundisho ya Kikristo, anagawa alama katika makundi mawili. Zipo alama za asili, na zipo alama za kupewa. Moshi ni alama ya asili ya moto. Hakuna wazee waliokaa kikao kuamua kwamba moshi umaanishe moto. Nyayo kwenye tope ni alama ya asili kwamba mnyama amepita. Lakini neno "moto" ni alama ya kupewa. Watu wameliweka na kukubaliana nalo, na asiyejua Kiswahili akilisikia hapati kitu.

Mgawanyo huu utatusaidia. Katika kila rangi kuna upande wa asili, yaani mwanga na namna jicho linavyoupokea. Upande huo hautegemei kabila wala dini. Na kuna upande wa kupewa, yaani maana ambayo jamii fulani imeifundisha rangi hiyo iseme. Kosa la orodha tuliyoitaja ni kuchukua alama za kupewa na kuziuza kama za asili.

2. Rangi isiyo na mahali katika upinde wa mvua

Tuanze na upande wa asili. Isaac Newton, katika kitabu chake juu ya mwanga kilichotoka mwaka 1704, alieleza jinsi mwanga mweupe unavyogawanyika katika rangi nyingi ukipita kwenye kioo cha pembe tatu. Upande mmoja kuna nyekundu. Upande wa mwisho kuna urujuani, ile rangi iliyo ng'ambo ya bluu. Lakini zambarau iliyoiva, yenye wekundu ndani yake, haimo katika mstari huo. Hakuna wimbi moja la mwanga linaloweza kuitwa zambarau. Jicho likipokea mwanga mwekundu na wa bluu kwa pamoja, bila kijani cha kutosha, ndipo tunaona zambarau.

Skrini ya simu hufanya hivyo hivyo. Kila nukta ya skrini ina taa ndogo tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila taa inaweza kuwekwa katika ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 unapata rangi 16,777,216. Zambarau ya kawaida ya tovuti huandikwa #800080, maana yake taa nyekundu iwe kwenye ngazi ya 128, ya kijani izimwe, na ya bluu iwe kwenye 128. Basi. Kwenye skrini hakuna taa ya zambarau hata moja. Zambarau inakamilika kwa yule anayetazama.

Hapa mwanafalsafa anaweza kuruka haraka na kusema: kumbe rangi ni mawazo tu! Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, aliweka rangi miongoni mwa sifa za vitu zinazotegemea uwezo wa kitu kuamsha hisi ndani yetu, tofauti na umbo au wingi. Lakini kutegemea mtazamaji si sawa na kuwa uongo. Utamu wa plamsi za Lushoto nao unategemea ulimi, na bado plamsi ni tamu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba ujuzi wetu huanzia katika hisi. Kwa hiyo anayechagua rangi ya ukurasa anagusa mlango ambao ujumbe wake wote utapitia.

3. Jina lililotoka kwenye tunda

Lugha yetu inatoa ushahidi mwingine. Kiswahili kina rangi tatu ambazo ni sifa kamili, zinazobadilika kufuatana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitabu cheupe, mti mweusi, maua mekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kutoka kwenye vitu: kijani kutoka kwenye majani, kijivu kutoka kwenye majivu, kahawia kutoka kwenye kahawa, rangi ya chungwa kutoka kwenye tunda. Zambarau ni hivyo hivyo. Ni tunda la mzambarau, mti wenye asili ya Asia ya Kusini uliozoeleka pwani yetu. Urujuani, kwa upande wake, tumeupata kutoka Kiarabu.

Wataalamu Brent Berlin na Paul Kay walichapisha mwaka 1969 utafiti juu ya majina ya rangi katika lugha nyingi. Waliona kwamba lugha huanza na nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, na kwamba zambarau ni miongoni mwa zile zinazopata jina lake mwishoni. Nadharia yao imejadiliwa na kurekebishwa, lakini inafanana na kile tunachokiona katika Kiswahili.

Nini maana yake kwetu? Mtoto wa Tanga anayesikia neno "zambarau" hapati kwanza picha ya kiti cha enzi. Anapata picha ya ulimi uliobadilika rangi na shati lililochafuka kabla ya kufika shuleni. Anasa haipo kabisa hapo, maana zambarau huokotwa chini ya mti.

4. Ufalme wa nani?

Basi wazo la ufalme limetoka wapi? Limetoka kwenye bei. Katika ulimwengu wa kale wa Bahari ya Mediterania, rangi hii ilitolewa katika konokono wa baharini, na mji wa Tiro ulisifika kwa biashara hiyo. Mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 na kupata gramu 1.4 tu za rangi. Kwa kazi kama hiyo, nani angevaa kitambaa chake isipokuwa mkubwa na tajiri?

Maandiko Matakatifu yanaijua historia hiyo, lakini hayaipi zambarau maana moja. Katika Luka 16 anayevaa zambarau ni tajiri asiyemwona Lazaro mlangoni pake. Katika Matendo 16 anayeiuza ni Lidia, mwanamke mcha Mungu, ambaye nyumba yake inakuwa kituo cha Mtume Paulo kule Filipi. Katika Marko 15 askari wanamvika Bwana wetu zambarau ili wamdhihaki, nasi tunaosoma tunajua kwamba Yeye ni Mfalme kweli. Rangi ile ile, mara tatu: kiburi, kazi halali ya mikono, na dhihaka inayogeuka kuwa ungamo.

Sasa tupande huku kwetu. Usambara ilikuwa na ufalme wake, wa ukoo wa Wakilindi, wenye makao yake Vugha. Simulizi zinamtaja Mbegha, mwindaji mgeni aliyepata kibali kwa Washambaa, na baadaye Kimweri ye Nyumbai, ambaye utawala wake ulienea mbali katika karne ya 19. Katika simulizi hizo ufalme unafungamana na simba na mvua. Mbegha anaua simba. Mfalme anaitwa Simba. Mfalme mwema ndiye ambaye nchi yake inapata mvua na chakula. Konokono wa Tiro hawamo. Mzee wa Vugha akioneshwa tovuti ya zambarau na kuambiwa "huu ni ufalme", ana haki ya kuuliza: ufalme wa nani?

Tena bei yenyewe ilishaanguka zamani. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Alishindwa kupata kwinini, lakini katika masalia ya majaribio yake aliona rangi ya zambarau inayoshika kwenye kitambaa. Ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani kupata soko kubwa, na tangu hapo zambarau ikaanza kuwa rangi ya kila mtu. Kwenye skrini leo haigharimu hata senti moja zaidi ya rangi nyingine. Sababu iliyoipa maana ya ufalme haipo tena. Kinachobaki ni kumbukumbu ya wale walioirithi.

5. Ua lililoondoka Usambara

Tuje kwenye hoja ya ua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alituma Ulaya mmea mdogo alioupata katika eneo hili. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliuchapisha kwa jina la Saintpaulia ionantha: sehemu ya kwanza kwa heshima ya ofisa huyo, ya pili ikimaanisha kwamba maua yake yanafanana na violeti. Wajerumani wanaliita hadi leo violeti ya Usambara. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walizalisha aina mpya, na kutoka huko ua likaingia katika madirisha ya nyumba nyingi za Marekani na Ulaya. Mwaka 2015 wataalamu waliliweka ndani ya jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji wengi wanatumia bado jina la zamani.

Porini mmea huu hupenda miamba yenye unyevu, kivuli cha msitu na kingo za vijito. Aina moja iliitwa kwa jina la Shume, hapa hapa Lushoto. Maeneo yake ni madogo, na msitu ukifyekwa kivuli kinaondoka na mmea unakauka. Ndiyo maana hifadhi kama ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, zina uzito mkubwa. Inasikitisha kwamba ua lililo salama katika vyungu vya mbali liko hatarini kwenye miamba yake.

Je, ua hili linatosha kuifanya zambarau kuwa alama ya milima yetu? Hapa Augustino anatukumbusha jambo la busara: alama isiyojulikana kwa mtazamaji haimfundishi kitu. Mzungu anayelimwagilia ua hili dirishani kwake anaweza kulijua jina la Usambara. Lakini wengi wetu tuliozaliwa huku tulilifahamu kwanza kwa picha, si kwa kulikuta msituni. Tukiweka zambarau bila maelezo na kutegemea msomaji wa Mlalo au Bumbuli akumbuke ua, tutakuwa tunazungumza na mtu aliye mbali huku tukimpa mgongo aliye karibu. Alama hii ni nzuri, lakini kwanza inatakiwa ifundishwe.

6. Watu wanahisi nini wakiiona?

Wapo wanaosaikolojia waliolichunguza jambo hili kwa upana. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Domicele Jonauskaite lilichapisha utafiti uliohusisha watu 4,598 wa mataifa 30, wakiulizwa wanazihusisha rangi na hisia gani. Kwa ujumla watu walifanana zaidi kuliko wengi walivyotarajia; nyekundu, kwa mfano, ilihusishwa mahali pengi na upendo na pia hasira. Lakini tofauti za mahali zilionekana, na mojawapo ilihusu zambarau. Kwa Wagiriki rangi hii ilielekea kwenye huzuni. Watafiti wenyewe walitaja sababu inayowezekana: Kanisa la Kiorthodoksi la huko hutumia zambarau nzito nyakati za maombolezo.

Sisi Wakatoliki hatuko mbali na Wagiriki hao. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 346, yanaweka zambarau kuwa rangi ya Majilio na Kwaresima, na yanaruhusu itumike katika Misa za marehemu. Padre huvaa stola ya zambarau anapoketi kuungamisha. Hata Papa Inosenti III, alipoandika juu ya rangi za liturujia mwishoni mwa karne ya 12 kabla ya kuchaguliwa kuwa Papa, aliihesabu zambarau upande wa nyeusi, yaani upande wa toba na maombolezo. Kwa hiyo mwamini aliyelelewa parokiani akiona ukurasa wote wa zambarau, huenda moyo wake ukaenda kwenye majivu, Njia ya Msalaba, kungojea na makaburi. Hizi si hisia mbaya. Lakini ukurasa unaobaki hivyo mwezi wa Pasaka unamwambia jambo lisilolingana na Aleluya anayoiimba.

Kuna maana nyingine ambayo hakuna orodha ya kigeni itakayotuambia. Katika nchi yetu rangi zina vyama. Kijani na njano ni za CCM. Zambarau ni ya ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka 2014. Mwezi Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad alipohamia chama hicho kutoka CUF, huko Zanzibar ofisi zilipakwa rangi upya na bendera zikabadilishwa kwa haraka. Waliokuwa wakishangilia rangi nyingine jana, leo walishangilia zambarau. Hakuna kilichobadilika katika mawimbi ya mwanga. Watu ndio waliokubaliana upya. Ni mfano ulio wazi kabisa wa alama ya kupewa. Gazeti la seminari halina chama, na linapaswa kujua kwamba baadhi ya wasomaji wake watasoma rangi kabla ya kusoma maneno.

7. Zambarau ndani ya tovuti

Intaneti yenyewe nayo imeipa zambarau kazi. Kivinjari cha Mosaic, kilichotoka mwaka 1993 na kuwafungulia watu wengi njia ya mtandao, kilionesha viungo kwa bluu, na viungo ambavyo msomaji amekwisha kuvifungua kwa zambarau. Desturi hiyo ipo hadi leo katika kurasa ambazo mtengenezaji hakubadilisha rangi zake. Bluu inasema "hujafika hapa". Zambarau inasema "umeshapita". Ni nyayo kwenye tope, kama alivyosema Augustino, ila hizi ni nyayo zilizopangwa na watu.

Nyayo hizo zilileta pia suala la maadili. Kwa miaka mingi tovuti yenye hila iliweza kukichunguza kivinjari ili kujua viungo gani vimegeuka zambarau, na hivyo kujua mtu ametembelea wapi: ukurasa wa ugonjwa fulani, benki fulani, dini fulani. Kuanzia mwaka 2010 watengenezaji wa vivinjari walianza kuziba tundu hilo. Tunajifunza kwamba hata rangi ya neno moja inaweza kubeba siri ya mtu, na siri ya mtu inastahili heshima.

Kisha kuna suala la kusomeka, ambalo ni la upande wa asili na halina mjadala wa kitamaduni. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikika na watu wote inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Tumepiga hesabu kwa kanuni za miongozo hiyo:

- Maandishi meupe juu ya zambarau #800080: karibu 9.4 kwa 1. Yanasomeka vizuri.
- Maandishi meusi juu ya zambarau hiyo hiyo: karibu 2.2 kwa 1. Hayafai.
- Maandishi mekundu kabisa juu ya zambarau hiyo: karibu 2.4 kwa 1. Hayafai.
- Maandishi ya urujuani hafifu #EE82EE juu ya nyeupe: karibu 2.3 kwa 1. Hayafai.

Ukiongeza jua la saa saba mchana na skrini yenye mikwaruzo, hata kile kilichofaa ndani ya chumba kinaanza kufifia. Tena wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayapokei vema wekundu. Kwao zambarau huelekea kuonekana kama bluu, kwa sababu kinachozitofautisha ni ule wekundu wasiouona. Ukiandika "vigango vyenye rangi ya zambarau vina Misa Jumamosi, vya bluu Jumapili", mtu huyo umemfungia mlango wa kanisa bila kukusudia.

8. Zambarau yenye jina la mtoto

Tumeacha kwa makusudi habari moja hadi hapa. Lugha inayopangia tovuti mwonekano, iitwayo CSS, ina majina ya rangi yanayokubalika kila mahali, na moja linaitwa rebeccapurple, lenye namba #663399. Rebecca alikuwa binti wa Eric Meyer, Mmarekani aliyewafundisha watu wengi lugha hiyo kwa vitabu vyake. Mtoto huyo alifariki kwa saratani tarehe 7 Juni 2014, siku ile ile aliyotimiza miaka sita. Alipenda zambarau. Wataalamu wenzake na baba yake waliomba rangi hiyo iingizwe katika kanuni kwa jina la mtoto, na mwezi huo huo ikakubaliwa. Baba aliridhia, akitaka jina litumike kamili, Rebecca, kwa kuwa binti yake alisema akifika miaka sita atakuwa mkubwa, asiitwe tena kwa jina la kitoto.

Leo vivinjari vya simu zetu hapa Lushoto vinalielewa jina hilo. Hakuna orodha ya rangi iliyotabiri kwamba #663399 ingemaanisha huzuni ya baba na upendo wa marafiki. Maana ilikuja kwa sababu watu walipenda, walifiwa, wakakubaliana kukumbuka. Sisi tunaowaombea marehemu kila Novemba hatuwezi kuiona habari hiyo kuwa ya kigeni.

Hitimisho: tufanye nini?

Rangi haijisemei yenyewe. Jicho linatuwekea mipaka ya kile kinachosomeka. Jamii ndiyo inayotoa maana. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye tovuti liwe "ni nani atakayetazama, na amefundishwa nini?" Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo kwa gazeti letu, na kwa vijana wa parokia wanaotengeneza kurasa za kwaya, jumuiya na vigango:

Kwanza, maandishi yawe meusi juu ya nyeupe mwaka mzima, hasa ratiba na matangazo ya misiba. Haki ya kusoma itangulie uzuri.

Pili, ukanda wa juu wa ukurasa ufuate kipindi cha liturujia: zambarau yenye maandishi meupe wakati wa Majilio na Kwaresima, kisha rangi nyingine kwa zamu yake. Zambarau inayokuja na kuondoka inafundisha; ile inayokaa mwaka mzima inazoeleka na kunyamaza.

Tatu, ndani ya ukanda huo liandikwe jina la kipindi. Uchaguzi Mkuu wetu hufanyika Oktoba, Kanisa likiwa katika Kipindi cha Kawaida na rangi ya kijani, ambayo nayo ina chama. Maneno "Kipindi cha Kawaida" yatamwambia msomaji tunachokisema. Neno lisaidie rangi, wala rangi isiachiwe kazi ya neno.

Nne, ua la Usambara lipewe ukurasa wake, lenye picha na historia yake pamoja na hali ya msitu wake, ili watoto wetu walijue. Wakishalijua, litakuwa alama yao kweli.

Anayetaka zambarau ya mwaka mzima atasema kwamba tumemnyima uzuri. Tunamjibu kwamba uzuri wa alama ni pamoja na kumfikia mtu. Mama anayesubiri gari la Mombo akiweza kusoma saa ya mazishi ya jirani yake, na akiona ukanda wa zambarau ajue kwamba Kanisa linamwalika kutubu na kungoja, rangi hiyo itakuwa imefanya kazi yake. Na wewe msomaji, ulipoiona zambarau mara ya mwisho, ni nani aliyekufundisha maana yake?